Mistari Miwili Tu

Fomu inauliza: Mambo uyapendayo.
Imeniachia mistari miwili, myembamba
kama ngazi za mtaa wetu wa Fontainhas,
ambako wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

Nimeandika: kusoma, kutembea.
Si uongo.
Ni ukweli uliochemshwa mpaka ukaisha chumvi.

Basi ngoja niseme huku, mgongoni mwa karatasi,
mimi Idalina Quaresma, miaka hamsini na miwili,
msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha chapa
kilichouzwa, kikafungwa, kikawa hoteli.
Mashine yetu wameiweka mapokezi,
imepakwa mafuta ing'ae,
haichapi neno.

Napenda vigae vilivyovunjika.
Ukuta wa kanisa ukimomonyoka kwa mvua za Februari
naokota vipande: mguu wa mtakatifu,
nusu ya ua,
buluu ambayo dukani haina jina.
Ninavyo mia mbili na kumi na kimoja, ndani ya makopo ya biskuti.
Sivigandishi. Usiku navipanga mezani, navipangua,
mpaka mguu wa mtakatifu uote kwenye samaki.
Dada yangu Graciete asema ni taka.
Mimi nasema ni sanaa ambayo bado haijapata kazi.

Napenda kuvumwani, ile ndui ya manjano juu ya granaiti;
yakua milimita moja kwa mwaka
na hakuna anayeiuliza ina malengo gani.
Napenda mpira wa mikono redioni, ligi ya pili,
hasa timu zinazofungwa.

Jumatatu, ofisi ya ajira. Namba yangu sabini na nne.
Kijana Telmo, kikohozi chake na tai yake fupi,
anatufundisha kutabasamu kwa macho.
"Mtafutaji hachoki," asema, "akichoka keshapata."
Aliyeutunga msemo huo alikuwa na mshahara.
"Dona Idalina, jiuze!"
Nikamwuliza: kwa kilo, au kwa dazeni?
Akacheka, akakohoa, akaandika kitu
ambacho sikuruhusiwa kukisoma.
Nilikisoma kichwa chini miguu juu, ndiyo kazi yangu ya miaka ishirini na minane:
"mkadi."
Alitaka kuandika mkaidi. Irabu imemponyoka.

Mwezi huu maombi kumi na tisa.
Kumi na manne yameingia kimya, kama mawe mtoni Douro,
ila jiwe angalau hutoa sauti ya kwanza.
Manne yamejibiwa: tunasikitika, tunasikitika,
wanasikitika sana watu hawa, sijui wanalala vipi.
Na moja, kutoka kampuni ya wachapishaji, wachapishaji!
lilianza: Mpendwa Bwana Idalina.
Makosa matano kwa aya mbili.
Koma moja imepotea kama mtoto sokoni,
inalia, hakuna anayeishika mkono.

Nikachukua kalamu nyekundu.
Nikaisahihisha, alama zote pembeni, kwa utaratibu wa zamani,
nikairudisha kwa posta, stempu kwa fedha yangu.
Graciete alishika kichwa kwa mikono miwili.

Siku kumi na moja baadaye, bahasha.
Mpendwa Bibi Idalina, koma.
Aya mbili zimenyooka kama shati la Jumapili.
Bado wananikataa,
lakini hakuna hata kosa moja.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta.
Kisha nikaikunja, nikaitia koponi,
kipande cha mia mbili na kumi na mbili.

Sasa nimefuta kusoma, nimefuta kutembea.
Nimeandika vigae, kuvumwani, timu zinazofungwa, ko
na mstari umeisha katikati ya koma,
nikageuza karatasi, nikaendelea wima, ukingoni,
herufi ndogo, ndogo,
Telmo atahitaji miwani.

Saa tatu usiku, redio:
thelathini kwa ishirini na mbili, tunafungwa,
zimebaki dakika nne.
Nimevuta kiti karibu.